Adabu ya Kusema: Somo la Kiswahili na Matayarisho ya Mwanafunzi wa Sekondari kwa Mahali pa Kazi

Utangulizi

Makala haya yanajadili jambo ambalo walimu wa Kiswahili tumezoea kuliachia idara nyingine za shule. Mwanafunzi wa sekondari anapokaribia kumaliza masomo, au anapopelekwa kwa siku chache katika karakana, zahanati, afisi ya chifu au duka la jumla ili ajionee jinsi kazi inavyofanywa, aghalabu anayemtayarisha ni mwalimu wa ushauri nasaha. Huambiwa afike mapema, avae nguo za heshima, azime simu na asijibizane na wakubwa. Ushauri huo si mbaya, wala hatuna haja ya kuurudia hapa. Tunachokusudia kuonyesha ni kwamba sehemu kubwa ya mwenendo wa kazini ni mwenendo wa lugha, na kwamba somo letu, ambalo lina nyenzo zote za kuushughulikia, limekuwa likimfundisha mwanafunzi kuitambua lugha ya kazini bila kumfundisha kuisema.

Haja ya kulitazama suala hili imeongezeka. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, baada ya ripoti ya tume ya Mackay ya mwaka 1981, ulikuja na ahadi mbili zinazotuhusu. Ya kwanza ni kwamba mwanafunzi angetoka shuleni na ujuzi wa mikono wa kumwezesha kujitegemea. Ya pili ni kwamba Kiswahili kingekuwa somo la lazima lenye kutahiniwa. Ahadi ya pili ilitimizwa. Ya kwanza ilikwama njiani kwa uhaba wa karakana, vifaa na walimu. Mtaala wa umilisi, ambao kundi lake la kwanza liliingia Gredi ya 10 mwaka 2026, umeirudia ahadi ile iliyokwama kwa sura nyingine. Sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi 12, imegawanywa katika mikondo mitatu, na mbali na mikondo hiyo kuna somo la kujifunza kupitia huduma kwa jamii, ambalo humtoa mwanafunzi nje ya lango la shule. Kiswahili, au Lugha ya Ishara ya Kenya, kimo katika orodha ya masomo ya lazima. Kwa hiyo mwanafunzi anayetoka nje ya lango hilo ni mwanafunzi wetu, awe anaelekea maabara, uwanja wa michezo au afisi ya kaunti.

Friji iliyozimwa

Mwandishi wa makala haya alipokuwa katika mazoezi ya kufundisha alikuwa na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aliyeongoza darasa katika isimu jamii. Ukimpa kifungu cha mazungumzo ya hospitalini, angekutajia sifa sita za sajili hiyo kabla wenzake hawajafungua daftari. Likizo ilipofika alikwenda kujitolea katika zahanati iliyokuwa karibu na kwao: kufagia, kupanga kadi, kuita majina ya wagonjwa. Siku ya tatu aliona kwamba plagi ya friji ya chanjo imechomolewa na mahali pake pamechomekwa chaja ya simu. Aliyeichomoa alikuwa mtu mzima, mwajiriwa wa pale. Mwanafunzi aliona hayo saa nne asubuhi. Muuguzi aligundua saa tisa alasiri.

Chanjo nyingi huhifadhiwa katika nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi. Baada ya saa tano katika chumba chenye joto, zilizokuwamo hazikuweza kuaminiwa tena, zikatupwa. Siku ya kliniki iliyofuata akina mama waliokuwa wametembea na watoto wachanga mgongoni walirudishwa nyumbani. Shule zilipofunguliwa mwanafunzi huyu alinisimulia kisa hicho, nami nikamuuliza kwa nini hakusema. Alijibu kwa Kiswahili fasaha kabisa: “Niliona kama nitamkosea heshima.”

Jibu hilo halina kosa la sarufi. Tatizo lake ni kwamba ndilo tulilomfundisha.

Sajili tunayoifundisha

Kila aliyepitia kidato cha sekondari nchini anaukumbuka mfano wa hotelini: mhudumu anauliza, “Nani samaki?” na mteja anajibu, “Mimi hapa!” Darasa zima hucheka, mwalimu huandika ubaoni kwamba sajili hii hupuuza kanuni za sarufi, hutumia sentensi fupi na huwa na msamiati maalumu, kisha somo hugeukia sajili ya mahakamani. Katika karatasi ya pili ya KCSE isimu jamii imekuwa na alama 10, na swali lake la kawaida humtaka mtahiniwa aitambue sajili kutokana na kifungu na ataje sifa zake. Ni swali zuri la uchanganuzi. Lakini mwanafunzi anayelijibu ni kama mtu aliyejifunza kuogelea kwa kutazama mto: ataeleza mkondo unakoelekea, lakini hajaloa.

Dell Hymes, katika maandishi yake ya mwaka 1972 kuhusu umilisi wa mawasiliano, alisisitiza kwamba kuijua lugha ni zaidi ya kujua sentensi zipi ni sahihi. Ni kujua pia wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza, jambo la kuzungumzia, mtu wa kuzungumza naye, mahali na namna. Wanafunzi wa isimu wanaonisoma hapa wanaifahamu hoja hiyo. Wengi wetu tumeiandika katika mitihani ya muhula. Ambalo hatulitilii maanani ni kwamba kwa Hymes kunyamaza nako ni sehemu ya umilisi, na kwamba mtu anaweza kukosea kwa kunyamaza kama anavyoweza kukosea kwa kusema.

Utamaduni wetu wa darasani umeuelemea upande mmoja. Tazama methali tunazozifundisha tunapofika kwenye mada ya adabu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mwenye nguvu mpishe. Funika kombe mwanaharamu apite. Uso umeumbwa na haya. Hizi ni methali zenye hekima kwa mahali pake, na si nia yetu kuzibeza. Hata hivyo mwanafunzi akizipata zote kwa pamoja, katika wiki moja, kutoka kwa mwalimu yule yule anayemwadhibu kwa kujibizana, atajumlisha kwamba adabu ni kimya. Zipo methali za upande wa pili: Kuuliza si ujinga, Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Lakini hizi tunazifundisha chini ya mada ya elimu, si ya adabu. Mpangilio huo wa vitabu una athari kuliko tunavyodhani.

Kazini mambo hayako hivyo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi amjulishe msimamizi wake mara moja anapoona hali ambayo ana sababu ya kuamini kuwa ni ya hatari kubwa. Mwanafunzi wa siku tatu si mfanyakazi, lakini anaingia mahali ambapo kusema ni wajibu. Msimamizi anayemnyamazia fundi mwenzake kwa heshima huenda akamwua.

“Pole” si “samahani”

Tuanze na kitendo kigumu kuliko vyote, yaani kukiri kosa. Hapa Kiswahili chenyewe kina mitego ambayo mwalimu wa lugha, wala si mwalimu mwingine yeyote, ndiye anayeweza kuionyesha.

Mtego wa kwanza ni kauli ya kutendeka. Tunafundisha kwamba mnyambuliko wa -ik- na -ek- huonyesha hali ya kitu bila kumtaja mtenda: kikombe kimevunjika, maji yamemwagika, karatasi imechanika. Ni kauli nzuri na yenye matumizi mengi. Lakini sikiliza ripoti za wanafunzi waliokosea. Hakuna hata mmoja aliyevunja kitu. “Mwalimu, dirisha limevunjika.” “Kalamu yako imepotea.” Shuleni tunalicheka jambo hili. Kazini, msimamizi anayeambiwa “jeki imeharibika” hajui kama jeki imechakaa na inahitaji kubadilishwa, au imebebeshwa gari zito kuliko uwezo wake, au imetumiwa na mtu asiyejua kuifunga. Kila jibu lina hatua yake. Sentensi “Nimeharibu jeki; niliiweka chini ya lori” ina mtenda, kitendo na namna, na kwa hivyo inaweza kufanyiwa kazi. Mwalimu anaweza kutumia kipindi kizima akiwataka wanafunzi wazigeuze sentensi za kutendeka ziwe za kutenda zenye nafsi ya kwanza, na waeleze ni habari gani iliyoongezeka. Ni zoezi la sarufi kamili, na ni zoezi la uaminifu, bila mahubiri yoyote.

Mtego wa pili ni neno “pole”. Katika matumizi ya bara, hasa mijini, mtu akikukanyaga mguu hukwambia “pole”. Asili ya neno hili ni kumliwaza aliyepatwa na jambo. Ndiyo maana tunampa pole mfiwa na mgonjwa, ambao hatukuwatendea lolote. Anayesema “pole” baada ya kumwaga rangi kwenye nguo za mteja anamliwaza mteja kwa msiba ambao, kwa sentensi hiyo, umetoka kwa Mungu. Neno la mkosaji ni “samahani”, au “niwie radhi”, na likifuatwa na kitenzi chenye nafsi ya kwanza linatosha: “Samahani mama, nimekumwagia rangi. Naleta kitambaa.” Naam, lugha hubadilika, na huenda baada ya miaka ishirini “pole” itakuwa imechukua kazi zote mbili kote nchini. Hadi wakati huo, mwanafunzi anayeijua tofauti hiyo atasikika kuwa mtu anayebeba mzigo wake, hasa akifanya kazi Pwani, ambako “pole” ya mkosaji hukera.

Ripoti kuhusu kosa la mtu mwingine, kama lile la zahanati, ina ugumu wake. Hapa kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa, tulizozilaumu kwa anayejificha, hugeuka kuwa wema. Brown na Levinson, katika kazi yao ya 1978 iliyochapishwa upya mwaka 1987, walieleza jinsi wazungumzaji wanavyotafuta njia za kulinda “uso” wa msikilizaji, yaani hadhi anayoitaka mbele za watu. Mswahili hakuhitaji kungoja nadharia hiyo. Methali ya uso na haya tumekwisha kuitaja. Mwanafunzi wetu alidhani alikuwa na njia mbili tu: kumshtaki mtu mzima, au kunyamaza. Ilikuwapo ya tatu:

“Samahani, sista. Naona friji ya chanjo imezimika, haina stima. Niirudishe plagi, au mnaitaka hivyo?”

Tuichambue. “Samahani” hapa si kukiri kosa bali ni kuomba nafasi ya kusema. “Sista” ni mwito unaotumiwa kwa wauguzi nchini. “Naona” inampa msikilizaji nafasi ya kuona vingine. “Imezimika” inaacha mtenda nje, kwa kuwa mtenda si muhimu kwa dakika hiyo. Friji ndiyo muhimu. Kisha linakuja swali lenye njia mbili, ambalo linamwachia mwenye mamlaka uamuzi. Hakuna aliyevunjiwa heshima. Sentensi hiyo ina maneno yasiyofika ishirini, na mwanafunzi wangu alikuwa na kila neno lake kichwani. Alichokosa ni kuwahi kuisema, hata mara moja, mbele ya mtu aliyemzidi umri.

Basi kanuni ya kufundishia inaweza kuwa hii: kosa langu nalisema kwa nafsi ya kwanza, hatari niliyoiona naisema kwa hali ya kitu. Si kanuni isiyo na vighairi. Wizi, kwa mfano, hausemwi kwa kauli ya kutendeka.

Ndiyo, hapana na saa mbili

Kuhusu kupokea maagizo tutasema machache. Mwanafunzi akiambiwa jambo hujibu “sawa”, na neno hilo halithibitishi chochote: laweza kuwa nimesikia, nimeelewa, nimekubali, au niache niende. Afundishwe kuyarudia maagizo kwa maneno yake: “Kwa hiyo nipange kadi za leo kwanza, za jana niziache kwenye sanduku.” Wazee wa kazi hawachukii kurudiwa maneno, huchukia kurudia kazi.

Swali la kukanusha nalo linahitaji uangalifu. Msimamizi akiuliza, “Hujaziosha chupa hizi?” mzungumzaji wa Kiswahili aliyezoea lugha hii hujibu “ndiyo”, kwa maana ya ndivyo ulivyosema, sijaziosha. Kijana aliyesoma masomo mengine yote kwa Kiingereza hujibu “hapana” akikusudia maana ile ile. Chupa chafu na chupa safi hutofautiana kwa jibu hilo moja. Dawa yake ni kujibu kwa sentensi kamili: “Sijaziosha.” Vivyo hivyo kuhusu saa. Ratiba ya kazi ikiandikwa 8:00, mdomoni ni saa mbili asubuhi, lakini vijana wengi siku hizi huchanganya ndimi wakasema saa na tarakimu ya Kiingereza pamoja, na wengine wakitafsiri harakaharaka hufika saa nane. Nimeona mmoja aliyefika saa nane mchana, akiwa amepiga pasi shati lake vizuri sana.

Umwite nani, na vipi

Mwanafunzi akiingia afisini au karakana jambo la kwanza linalomkwamisha ni mwito. Shuleni kila mtu mzima ni “mwalimu” au “madamu”. Nje ya shule uwanja ni mpana. Kwenye karakana ya jua kali, “fundi” ni cheo cha heshima, na anayemwita fundi “mzee” huku fundi akiwa na miaka ishirini na sita anachekesha watu. Afisini “bosi” inakubalika mahali pamoja na mahali pengine inasikika kama kejeli. “Mama” kwa mwanamke aliye afisini inaweza kuwa heshima kwa mteja wa kijijini na dharau kwa mkuu wa idara aliyeolewa jana au asiyeolewa. Mombasa na Lamu kijana humwamkia mkubwa “shikamoo” naye akaitikiwa “marahaba”. Eldoret au Machakos salamu hiyo hiyo inaweza kumshangaza mwamkiwa, ambaye alitarajia “habari ya asubuhi”.

Hatuwezi kutoa orodha itakayofaa kila mahali, na vitabu vinavyojaribu hupotosha. Tunachoweza kufundisha ni mkakati: anza na daraja la juu la heshima, “Bwana” au “Bi.” pamoja na jina, au cheo cha kazi, kisha sikiliza wenyeji wanavyoitana, kisha uliza, “Ungependa nikuite vipi?” Kuhusu Sheng hatukubaliani na wanaoipiga marufuku moja kwa moja. Katika karakana nyingi za Nairobi ndiyo lugha ya kufundishana kazi, na mwanagenzi anayekataa kuielewa atakosa nusu ya ujuzi. Lakini mteja akiingia fundi huyo huyo hubadilisha msimbo papo hapo. Mwanafunzi apewe kazi ya kunasa kubadilika huko na kukieleza kilichokisababisha. Huo ndio utafiti wa nyanjani ulio karibu kuliko wote.

Jambo moja dogo kuhusu maombi. Vijana wengi wa bara husema “nisaidie na spana” wakikusudia “naomba spana”. Anayeombwa hivyo na mgeni huweza kujiuliza anasaidiwa nini. “Naomba” halijazeeka, lirudishwe darasani.

Kukataa

Tumelichelewesha suala hili kwa sababu ndilo zito. Yote yaliyotangulia yanalenga kumfanya mwanafunzi aseme kwa upole. Iko hali ambayo upole humdhuru.

Kiswahili kina utajiri mkubwa wa kukataa bila kukataa. “Nitaona.” “Labda baadaye.” “Mungu akipenda.” “Nitajaribu.” “Leo sijisikii vizuri.” Baina ya majirani njia hizi zinaeleweka: anayealikwa harusini akasema “nitaona” hangojewi. Zinafanya kazi kwa sababu pande zote mbili zina nia njema. Mkubwa asiye na nia njema huzigeuza zote kuwa ndiyo iliyocheleweshwa. Msichana aliyekwenda kujifunza kazi, ambaye fomu yake ya tathmini inangoja sahihi, na msimamizi amemwambia aifuate nyumbani kwake jioni, akijibu “nitaona” amempa msimamizi huyo nafasi ya kuuliza tena kesho, na ya kudai baadaye kwamba hakukataliwa.

Kwa hali hii darasa la Kiswahili lazima lifundishe sentensi isiyo na “samahani”, isiyo na “labda” na isiyo na sababu. Sababu ni mlango: ukisema huna nauli, utapewa nauli.

“Sitakuja. Fomu nitaichukua hapa afisini kesho asubuhi.”

Kitenzi cha kukanusha, nafsi ya kwanza, mahali, wakati. Mwanafunzi aisome kwa sauti, si kwa kunong’ona. Walimu waliozoea kumsifu msichana mpole wataona ugumu kulifundisha jambo hili, nami nakiri kwamba niliuona. Lakini sheria iko upande wa sentensi hiyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika sehemu ya 6, inautaja unyanyasaji wa kimapenzi kazini na kumtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na taarifa ya sera kuuhusu. Sheria ya Makosa ya Kimapenzi ya mwaka 2006 nayo inahusu matumizi mabaya ya mamlaka ya aina hii. Mwanafunzi ajue pia nani wa kumweleza siku hiyo hiyo: mwalimu aliyempeleka pale, mzazi, na mtu mwingine mzima kazini. Wavulana nao wapewe zoezi hili. Wao huombwa mambo mengine, kama kuweka sahihi kwenye daftari la mahudhurio kwa niaba ya asiyekuwapo, au kubeba mzigo wasioonyeshwa ndani yake, na “sitaweka sahihi ya mtu mwingine” ni sentensi ya aina moja na ile ya kwanza.

Kazi ya darasani

Igizo dhima si geni kwetu, ila aghalabu tunalitumia kuigiza tamthilia iliyoteuliwa, huku wanafunzi wakisoma mistari. Kwa shabaha ya makala haya mwanafunzi asipewe mistari. Apewe hali: umemwaga, umeona, umeagizwa usichokielewa, umeombwa usichokitaka. Mwalimu aigize mkubwa, na awe mkubwa wa kweli, mwenye haraka, anayetazama kando, anayejibu “sasa wewe unataka nini?” Mwanafunzi akikwama, darasa limpe sentensi, kisha aseme upya yeye mwenyewe. Vipindi viwili vinatosha kwa watu wanane au tisa. Darasa la wanafunzi hamsini na watano litahitaji makundi, na mwalimu akubali kelele.

Upande wa uandishi, tunafundisha barua ya kuomba kazi na tawasifu kazi, na tunafanya vyema. Tuongeze daftari la kazi la kila siku. Mwanafunzi akiachwa ataandika “leo nilifanya kazi vizuri na nikajifunza mambo mengi”, sentensi ambayo wahadhiri wetu wameisoma katika madaftari yetu ya mazoezi pia. Adai kwake mambo matatu tu: nilifanya nini, niliuliza nini, nilikosea wapi. Majina ya wagonjwa, wateja na wanafunzi wa watu yasiingie humo, wala picha zao kwenye simu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haimsamehi mtu kwa kuwa bado yuko shuleni.

Nililijaribu zoezi la friji na darasa lile lile kabla muhula haujaisha, bila kumtaja mwenzao. Watatu wa kwanza walisimama mbele yangu, nami nikajifanya muuguzi anayeandika. Wawili walirudi kuketi bila kusema neno. Wa tatu alisema sentensi nzima, vizuri, nami, ili nimjaribu, nikajibu “ehe” bila kuinua kichwa. Akaniangalia, akaligeukia darasa, akauliza: “Sasa mwalimu, na asiponisikia?” Ilikuwa sehemu ambayo sikuwa nimeitayarisha. Tulikaa nayo hadi kengele ikalia, na sentensi waliyoipata, ambayo ilipendekezwa na yule msichana wa zahanati kutoka kiti cha nyuma, ndiyo hii: “Sista, nilikwambia kuhusu friji saa nne. Sasa ni saa nne na nusu na bado imezimika. Nimwambie nani mwingine?”